Sugoi na Visima Vyake

Msafiri atokaye Eldoret kwa njia kuu ya kwenda Uganda hupita Maili Nne na Jua Kali huku mji ukimwacha polepole: maduka yapungua, nyumba zatengana, na mahindi yaanza kuikaribia barabara kutoka pande zote mbili. Reli nayo yafuata upande huohuo wa machweo; ilifika Eldoret mwaka 1924, ikaendelea hata kufika Kampala mwaka 1931. Mji wa Eldoret umekaa mita zipatazo 2,100 juu ya bahari, na kutoka hapo nchi hushuka kidogo kidogo kuelekea Turbo, bila milima wala magenge, ila mikunjo mipana ya ardhi iliyofunikwa na nyasi, mahindi na miti ya mikalitusi. Kabla ya kufika Turbo zipo njia za udongo mwekundu ziiachazo lami na kuingia mashambani. Huko ndiko iliko Sugoi, katika kaunti ya Uasin Gishu.

Jina la Sugoi limejulikana mbali kwa kuwa ndipo lilipo boma la William Ruto, aliyechaguliwa kuwa Rais wa Kenya mwaka 2022, na wageni wengi waliokwenda huko walikwenda kwa ajili yake. Wageni wa namna hiyo hupita upesi na vioo vya magari vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Habari hii ni ya yale maboma mengine yanayopitwa njiani, yenye ua wa miti, ng'ombe wawili watatu, ghala ya mahindi juu ya nguzo, na kisima.

Mgeni atokaye Kitui, au Kajiado, au Dodoma, akiiona nchi hii mwezi wa Juni hatasadiki kwamba mtu aweza kuwa na taabu ya maji hapa. Mvua huanza mwezi wa Machi na kuendelea hata Septemba, na kwa mwaka hupata milimita elfu moja hivi, pengine zaidi. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Basi nyumba yenye paa la mita 50 za mraba hupokea kutoka mbinguni lita zipatazo 50,000 kila mwaka, na sehemu kubwa ya maji hayo humwagika uani yakaenda zake. Mabondeni ziko chemchemi na vijito vya majani mabichi. Maji ya nchi hii huteremka mpaka mto Nzoia na kuingia katika Ziwa Victoria. Hakika hii si nchi ya ukame.

Hata hivyo watoto huugua tumbo, na homa ya matumbo inajulikana kwa jina katika kila zahanati. Mtu akitaka kuifahamu sababu yake, sharti atazame kwanza jinsi nchi ilivyogawanywa, kwa maana katika Sugoi habari ya maji haitengani na habari ya mashamba.

Zamani uwanda huu ulikuwa malisho ya Wamaasai walioitwa Uasin Gishu, ambao wameliachia jina lao. Baada ya wao kushindwa katika vita vya karne ya kumi na tisa, Wanandi walilisha ng'ombe wao humu. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliutoa uwanda huu kwa Wayahudi waliokuwa wakitafuta makao, nao wakatuma watu watatu kuukagua. Wakaguzi hao walifika mwanzo wa mwaka 1905, yaani katikati ya kiangazi, majani yakiwa yamekauka. Mmoja wao hakupendezwa hata kidogo na nchi aliyoiona, na mkutano wao mkuu uliikataa zawadi hiyo mwaka uo huo. Laiti wangalikuja mwezi wa Julai, pengine historia ya Afrika ya Mashariki ingalikuwa nyingine. Mwaka 1908 wakaja Makaburu wa kutoka Afrika Kusini na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Nchi ikapimwa, ikapewa nambari kila shamba, na mji ukaota katika shamba la nambari 64. Ndiyo maana wazee wengi bado huuita Eldoret kwa jina la Sisibo, ambalo ni nambari hiyo ya Kiingereza iliyotamkwa kwa ulimi wa Kikalenjin.

Katika mashamba hayo makubwa maji yalikuwa na daraja zake. Nyumba ya bwana shamba ilikuwa na tangi na mabomba. Ng'ombe wake walikuwa na bwawa la udongo lililochimbwa penye bonde, na mabwawa ya namna hiyo yangali yaonekana mahali pengi pa Uasin Gishu, mengine yamejaa tope na magugu. Wafanya kazi, walioruhusiwa kujenga vibanda vyao pembeni mwa shamba, walichota mtoni, chini ya mahali walipokunywa ng'ombe. Hawakuwa na ardhi yao wenyewe, basi hapakuwa na sababu ya kuchimba kisima cha kudumu, wala mara nyingi hawakuwa na ruhusa.

Uhuru ulipokaribia, na baada yake mwaka 1963, mashamba yalianza kununuliwa na kugawanywa. Waliokuwa vibarua na waliotoka mbali wakapata ekari zao, na jambo la kwanza ambalo mtu mwenye ardhi yake hufanya, baada ya kusimamisha nyumba, ni kuchimba kisima. Asiyepata kuchota maji ya bwana mwingine hatafahamu furaha iliyokuwa katika kazi hiyo. Kisima kilikuwa hati ya pili ya shamba. Mke hakuteremka tena bondeni kabla ya mapambazuko. Binti alifika shuleni kwa wakati. Mzee aliweza kumkaribisha mgeni kwa maji yake mwenyewe.

Hesabu ya kazi iliyookolewa si ndogo. Mtungi wa plastiki wa lita 20 ukijaa huwa na uzito wa kilo 20. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja, kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua, wahitaji mitungi sita kila siku. Ng'ombe wa maziwa aweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku. Basi ng'ombe wawili wahitaji mitungi mingine sita. Ikiwa chemchemi iko nusu kilomita, mitungi kumi na miwili ni mwendo wa kilomita kumi na mbili, nusu yake mzigo ukiwa kichwani au mgongoni. Hakuna mwanamke awezaye kazi hiyo pamoja na kulima na kulea. Ndiyo sababu wasio na kisima huwapeleka ng'ombe wenyewe mtoni wanywe huko, wakalitibua na kulichafua bonde ambalo jirani wa chini huchota. Na watu nyumbani hujinyima, wakanawa kwa maji ya kikombe kimoja.

Kujinyima huko kuna madhara yake, ingawa hakuonekani kuwa ugonjwa. Katika miaka ya 1966 hadi 1968 wataalamu watatu, Gilbert White, David Bradley na Anne White, walichunguza jinsi watu wa Kenya, Uganda na Tanzania walivyopata maji, na kitabu chao kilitoka mwaka 1972. Bradley, daktari aliyefanya kazi Uganda, alieleza jambo ambalo tangu hapo limefuatwa na watu wa afya ulimwenguni: kwamba magonjwa ya maji si ya namna moja. Yako yaletwayo na kunywa maji machafu, kama kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini yako pia yaletwayo na kukosa maji ya kutosha kunawa, kama upele na ugonjwa wa macho uitwao trakoma. Na kuhara kwa watoto kwaweza kuwa katika mafungu yote mawili. Kwa hiyo mtu aliye na maji mengi yasiyo safi kabisa pengine ana heri kuliko aliye na maji safi kikombe kimoja. Jambo hili yafaa likumbukwe na kila afisa ambaye, akikuta kisima cha nyumbani kina wadudu wa maradhi, hutaka kifukiwe palepale. Kisima cha Sugoi ni baraka, na mwenye kukilaumu na atafute kwanza mtu wa kubeba ile mitungi kumi na miwili.

Lakini baba aliyenunua ekari ishirini alikuwa na wana watano, na wana hao wana wana wao. Shamba lililokuwa la mtu mmoja sasa lina maboma sita au kumi, kila moja na ua wake, kila moja na kisima chake na choo chake cha shimo. Hapo ndipo taabu ilipoingia, na iliingia kimyakimya kwa njia ya chini ya ardhi.

Udongo wa nchi hii ni mwekundu na laini juu. Chini yake mara nyingi pana tabaka la changarawe lililoshikamana kama tofali, na chini zaidi ni mwamba wa volkeno. Mvua ikinyesha, maji hupenya udongo hata yakutane na tabaka gumu, yakatulia hapo, na hayo ndiyo maji ya kisima. Udongo laini huyachuja maji, na yakienda polepole wadudu wa maradhi hufa njiani. Lakini penye nyufa za mwamba, au penye vijishimo vya changarawe, maji hupita kama katika bomba wala hayachujwi. Basi watu wa afya hushauri kwamba kati ya kisima na choo paachwe mita 30, na kwamba kitako cha shimo la choo kisiyafikie maji ya ardhini.

Tuseme sasa mtu amepewa robo ekari. Hiyo ni mita za mraba zipatazo elfu moja, yaani kiwanja chenye mita 32 kila upande. Akichimba kisima pembe moja na choo pembe ya pili inayoikabili, ataacha mita zaidi ya 40, na atakuwa ametimiza shauri. Lakini ng'ambo ya ua, mita tatu kutoka kisimani, ndugu yake naye ametimiza shauri hilohilo: amechimba kisima chake mbali, na choo chake pembeni, nayo pembe hiyo ndiyo iliyo jirani na kisima cha kwanza. Kila mmoja amefanya vema katika ardhi yake, na kila mmoja anywa maji ya choo cha mwenziwe.

Hesabu yenyewe ni rahisi, ila haitazamwi. Duara lenye mita 30 kila upande kutoka kisimani hukamata mita za mraba zaidi ya 2,800, ambazo ni karibu robo tatu za ekari. Kisima kimoja, basi, kinahitaji robo tatu za ekari zisizo na choo hata kimoja ndani yake. Mwenye ekari tano ana nafasi. Mwenye nusu ekari hana, isipokuwa kwa hisani ya jirani. Na katika masoko madogo kando ya njia, ambako kiwanja ni futi 50 kwa 100, yaani mita 15 kwa 30, watu wanaokaa na kisima na choo katika kiwanja kimoja wanajidanganya, hata kama kisima kimejengwa kwa saruji na kupakwa rangi.

Majira ya mwaka nayo yana ujanja wake. Mwezi wa Februari, baada ya miezi mitatu au minne bila mvua ya maana, maji hushuka chini sana kisimani, kamba haifiki, na watu husikitika. Mwezi wa Agosti maji yamepanda, kamba ni fupi, mtoto mdogo aweza kuchota, na nyumba yote hufurahi. Lakini yaliyopanda kisimani yamepanda shimoni pia. Wakati ambapo maji ni rahisi kupatikana ndio wakati ambapo choo na kisima vyaweza kukutana.

Haifai, hata hivyo, kulitupia shimo la choo lawama zote. Uchafu mwingi huingia kisimani kwa mdomo wake. Ndoo huwekwa chini penye mavi ya kuku, kisha huteremshwa majini. Kamba hulala topeni. Mvua kubwa huosha ua mzima pamoja na zizi, na kisima kisicho na ukuta hupokea vyote. Dawa ya haya si ghali kama inavyodhaniwa: ukuta wa kufika kiunoni; sakafu ya saruji kukizunguka kisima, yenye mfereji wa kuyapeleka mbali maji yaliyomwagika; kifuniko; na ndoo moja tu isiyotoka kisimani, iliyofungwa kwa mnyororo au kamba ya kuzungushwa kwa mti wenye mkono. Mwenye kuuza maziwa ya ng'ombe wawili aweza kuimaliza kazi hii kidogo kidogo kwa mwaka mmoja. Kina mama wa Kikalenjin hukisafisha kibuyu cha mursik kwa uangalifu mkubwa, wakakipaka ndani kwa mkaa wa mti maalum kabla ya kutia maziwa, na maziwa yakakaa siku nyingi bila kuharibika. Uangalifu wa kibuyu ukipelekwa kisimani, nusu ya kazi imekwisha.

Nusu ya pili ni ngumu, kwa kuwa haiko katika mikono ya mtu mmoja. Si mbali sana na Sugoi, upande wa magharibi, katika kaunti ya Busia, chemchemi za vijiji zilichunguzwa kwa miaka kadhaa na wataalamu ambao mmoja wao, Michael Kremer, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Chemchemi ya kawaida ni shimo la wazi ambamo watu na ng'ombe hukanyaga. Kuihifadhi ni kulichimbua jicho lake, kulijaza mawe na kokoto, kulifunika kwa udongo wa mfinyanzi, kujenga ukuta wa saruji wenye bomba, na kuzungusha ua ili mifugo inywe upande wa chini. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba uchafu wa maji penye chemchemi zilizohifadhiwa ulipungua kwa karibu theluthi mbili, na kuhara kwa watoto kulipungua kwa yapata robo. Ni faida kubwa kwa kazi ya mawe na saruji. Lakini maji hayohayo yalipopimwa majumbani, usafi ulikuwa umepotea kwa sehemu kubwa: mtungi haukuoshwa, au mkono wa mtoto uliingia na kikombe. Ndipo likaja shauri la kuweka tangi dogo la dawa ya klorini papo hapo penye chemchemi, mchotaji afungue bomba lake mara moja, dawa ya kadiri ya mtungi mmoja iingie, na maji yajisafishe njiani huku akitembea.

Huko huko Busia, katika Nambale, na mahali pengine pa Kenya tangu mwaka 2007, lilijaribiwa jambo lingine lililoanza Bangladesh katika kijiji kimoja mwishoni mwa karne iliyopita chini ya mtaalamu Kamal Kar. Hakuna mtu anayepewa saruji wala fedha. Wanakijiji hukusanyika, wakachora ramani ya kijiji mavumbini, kila mtu akaonyesha nyumba yake na mahali anapojisaidia. Kisha huulizwa: mvua ikinyesha, haya huenda wapi? Mwongozaji huchukua glasi ya maji safi, akamkaribisha mtu anywe, naye akanywa. Halafu huugusa uchafu kwa unywele mmoja, akauchovya unywele katika glasi, akamkaribisha tena. Hakuna anywaye. Basi huulizwa nzi ana miguu mingapi. Watu hucheka, kisha huona haya, na mara nyingi mashimo huanza kuchimbwa wiki hiyohiyo. Wako wasioipenda njia hii, wakisema kwamba kumwaibisha maskini si ustaarabu, na neno lao si la kupuuzwa. Lakini imeonyesha kwamba choo cha mtu si siri yake peke yake. Tanzania ililifahamu jambo hilo mapema: mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakisikiliza redio na kusoma vitabu vidogo, kisha wakaenda pamoja kuchimba vyoo na kufyeka magugu.

Wanandi na jamaa zao wana baraza lao la asili liitwalo kokwet, ambamo wazee wa kitongoji hukaa chini ya mti na kuamua habari za mipaka, mifugo na ugomvi wa majirani. Baraza hilo limezoea shauri la ng'ombe aliyeingia katika mahindi ya mtu. Shauri la choo kilichoingia katika kisima cha mtu ni la namna hiyohiyo, ila mnyama wake haonekani. Na ni shauri gumu. Choo cha nani kihamishwe, cha ndugu mkubwa aliyechimba kwanza, au cha mdogo ambaye kisima chake ndicho chenye maji matamu? Gharama za shimo jipya alipe nani? Kama mjane ana mahali pamoja tu pa kuchimba, je, aambiwe asichimbe? Maswali haya hayajibiwi na mhandisi, wala sheria haifiki mpaka ndani ya ua wa ndugu wawili.

Sheria yenyewe haikunyamaza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na haki ya usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa. Na kazi ya kuwapatia watu maji na usafi imewekwa mikononi mwa serikali za kaunti, zilizoanza mwaka 2013. Ni maneno mazuri. Mabomba, hata hivyo, huenda kwanza penye nyumba nyingi, na boma lililo peke yake katika njia ya udongo husubiri. Wakati huo wa kusubiri ndio unaohusu habari hii, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili hawezi kuusubiri.

Yako mambo ambayo maboma kumi yaweza kukubaliana bila kungoja. Kisima kimoja kirefu, mahali pa juu, chenye pampu ya mkono, na vyoo vyote upande wa chini wa mteremko, hutumia ardhi kidogo kuliko visima kumi. Maji ya kunywa yatoke huko. Visima vya zamani visifukiwe. Vibaki kwa kufulia, kuoshea vyombo na kunyweshea ng'ombe, nayo mitungi kumi na miwili itakuwa miwili tu ya kubebwa. Mvua ya paa iingie tangini kwa siku za kiangazi. Na maji ya kunywa, yatoke popote, yachemshwe au yatiwe dawa.

Kilichoharibu mipango mingi ya namna hii ni pampu kuvunjika. Mwanzoni huwa na sherehe, watu hupiga makofi, mkubwa huchota ndoo ya kwanza. Kisha kifaa kidogo cha mpira hukatika, na hakuna mwenye spana wala mwenye shilingi. Katika Kwale, huko pwani, jambo hili lilifikiriwa vizuri katika miaka ya 1980. Pampu iitwayo Afridev ilijaribiwa na kutengenezwa huko kwa nia hasa ya kwamba watu wa kijiji waweze kuifungua na kuibadilisha vipande wenyewe, bila gari la mafundi kutoka mjini. Na chama cha maji na afya kilichoanzishwa Kenya mwaka 1976, kiitwacho KWAHO, kiliwafundisha wanawake kuunda kamati, kukusanya fedha na kutunza pampu zao. Wanaume wa siku hizo walicheka kuona mwanamke ameshika spana. Lakini mwenye kubeba mtungi ndiye wa kwanza kujua kwamba pampu imeanza kulegea, na ndiye mwenye haraka ya kuitengeneza.

Katika Sugoi fedha za kamati haziwezi kukosekana mahali ambapo maziwa huuzwa kila asubuhi na mahindi kila mwisho wa mwaka. Kinachokosekana ni mtu wa kwanza wa kuanza mazungumzo, maana kumwambia ndugu yako kwamba choo chake kinakuletea maradhi ni kama kumtukana. Yafaa neno hilo litoke kwa mtu wa tatu. Tangu mwaka 2023 serikali imeweka katika nchi nzima wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja, waendao nyumba kwa nyumba na mikoba yao ya vipimo, na kazi hii inawafaa. Zamani Bwana Afya alikuja na daftari na tisho la faini, watu wakachimba shimo la kumwonyesha, kisha wakaligeuza kuwa ghala ya viazi. Anayefika leo ni jirani anayejulikana kwa jina, ambaye watoto wake husoma pamoja na wa mwenye boma.

Wala hahitaji chombo cha kupimia. Hatua arobaini za mtu mzima ni kama mita 30. Hesabu huanzia penye ukuta wa kisima, huenda pande zote nne, na ikifika kwenye ua haisimami. Mwenye ua huombwa afungue, ndugu wa upande wa pili huitwa atoke, na wote wawili hutembea pamoja wakihesabu kwa sauti, hata hatua ya mwisho.